Nyama Uzembe Haziondoki kwa Sitapu

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie tumbo, hasa lile tumbo lenye mistari ambalo kila anayepiga tizi analitamani. Nitaanza na jaribio moja ambalo ningependa kila mwenye jimu alibandike ukutani.

Mwaka 1984, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Frank Katch walichapisha matokeo ya wanaume 13 waliopiga sitapu, yaani kulala chali na kuinua kiwiliwili, kwa siku 27. Kila mmoja alipiga jumla ya sitapu 5,004. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, walichomwa sindano na kutolewa chembe za mafuta sehemu tatu: tumboni, mgongoni chini ya bega, na kwenye makalio. Watafiti walitaka kujua kama chembe za tumboni, zilizolala juu kabisa ya msuli uliokuwa ukihenya, zingesinyaa kuliko nyingine. Hapana. Zilisinyaa sehemu zote tatu kwa kiasi kinachokaribiana, na uzito wa mwili haukubadilika. Mwaka 2011 likaja jaribio jingine, watu 24, wiki 6, baadhi yao wakifanya mazoezi ya tumbo siku 5 kwa wiki. Hao walipata stamina ya tumbo. Mafuta yao yalibaki vilevile.

Naomba tulishike hili vizuri, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapopoteza miezi. Mtu anaamka alfajiri, analala sakafuni, anapiga sitapu mia mbili mpaka shingo inauma, na nyama uzembe, yale mafuta ya kiunoni, bado zipo. Anaanza kuamini kuwa yeye ni mvivu. Si mvivu hata kidogo, ila nguvu zake amezipeleka pasipostahili. Msuli haujilishi kwa mafuta ya jirani yake. Mwili huvunja mafuta yake huku na huku, huyamwaga kwenye damu, na damu huyapeleka panapohitajika. Chota maji ya pipa kutoka upande wowote, kina kitashuka pipa zima. Tena kila mwili una zamu yake: kwa wanaume wengi tumbo la chini ndilo la mwisho kupungua, kwa wanawake wengi ni mapaja na nyonga. Ndiyo maana uso hukonda kwanza, na majirani wataanza kukuuliza kama unaumwa kabla mstari wa kwanza haujaonekana.

Na mafuta yakiondoka yanakwenda wapi? Wengi mtajibu kwamba yanatoka kwa jasho. Watafiti wawili wa Sydney, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu hiyo mwaka 2014: mwili ukichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi kupitia mapafu, na kilo 1.6 zinabaki kuwa maji. Unayapumua. Kwa hiyo ndugu yangu unayekimbia saa saba mchana umejifunga nailoni tumboni, unapoteza maji tu, na ukinywa lita moja jioni uzito umerudi. Acheni jambo hilo. Joto letu la pwani linatosha kumwangusha mtu hata bila nailoni.

Sasa mistari yenyewe. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu, wa kulia na wa kushoto, inayopanda kutoka kwenye kinena hadi kwenye mbavu. Katikati inaunganishwa na utepe mgumu, na kila mmoja unakatwa kwa mikanda ya kano, mara nyingi mitatu. Ule mgawanyiko ndio unaotoa vipande. Idadi ya mikanda umezaliwa nayo: wengine watapata vipande vinne, wengine sita, wengine vinane, na wengine upande mmoja hauendi sambamba na mwingine. Hakuna zoezi linalobadilisha hilo, wala hakuna sababu ya kujilinganisha na picha ya mtu mwingine.

Kazi ya misuli hiyo ni kuukunja uti wa mgongo, kuzileta mbavu karibu na nyonga. Ukilijua hilo utayatazama mazoezi yako kwa jicho jingine. Mfano, kuning'inia kwenye chuma na kuinua miguu. Watu wanainua miguu mgongo ukiwa umenyooka, kisha wanashangaa mapaja ndiyo yanayochoka. Miguu inainuliwa na misuli ya nyonga. Tumbo linaanza kufanya kazi kubwa pale unapoipindua nyonga ielekee kifuani. Pandisha taratibu, shusha taratibu zaidi. Mara 8 zilizo safi zinatosha.

Tumbo ni msuli kama kifua, na halihitaji kupigwa kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki, seti tatu au nne, na mzigo uongezeke kadiri unavyopata nguvu. Asiye na vyuma akumbatie dumu la maji la lita 5 kifuani anapojikunja. Hizo ni kilo 5 kamili. Mwenye mgongo mbovu aanze na planki, yaani kujiegemeza kwenye viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka bila kusogea, ya mbele na ya ubavu. Stuart McGill, aliyetafiti uti wa mgongo kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, ndiye aliyeipa planki ya ubavu nafasi kubwa, kwa kuwa inafanyisha misuli kazi bila kuukunja mgongo tena na tena. Mazoezi ya mwili mzima, kuchuchumaa na mzigo, kupiga pushapu, kutembea mwendo mrefu, msiyaache.

Lakini msuli mnene chini ya mafuta mengi hauonekani. Kwa mwanamume mistari hujitokeza vizuri mafuta yakishuka hadi asilimia 10 au 12 hivi za uzito wa mwili. Kwa mwanamke, karibu asilimia 16 hadi 20. Hapo tunaingia kwenye sahani.

Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kalori 7,700 hivi. Ukipunguza kalori 400 kwa siku, kwa hesabu tupu kilo hiyo inachukua siku 19, na mwili hupenda kuchelewesha. Hizo 400 mtazipata wapi? Msianze kwa kuufukuza ugali. Anzeni na vinavyoingia bila kuhesabiwa. Chai vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari: karibu kalori 190. Soda ya kola ya nusu lita: sukari gramu 50 hivi, kalori 200. Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na mnajua mchuzi wetu hupikwa na vijiko vingapi. Wapenzi wa zege, yaani chipsi mayai, yale mafuta yanayobaki kwenye sahani ni sehemu ndogo tu ya yaliyokwisha kuingia kwenye viazi. Bia nayo, kila gramu ya kilevi ina kalori 7.

Kisha protini, ili mwili usile msuli wakati unapungua. Lengo zuri kwa anayebeba vyuma ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Mayai matatu asubuhi, maharage kikombe kimoja mchana na dagaa wakavu gramu 50, kipande kikubwa cha samaki jioni, glasi ya maziwa: umekaribia kabisa, bila kununua kopo la unga wa protini. Dagaa hatuwapi heshima yao katika nchi hii, na ninasema hivyo kwa uchungu.

Naona dada pale nyuma anauliza kuhusu vidonge vya kukata tumbo. Dada yangu, usinywe. Miaka ya 1930 Marekani waliuziwa dainaitrofenoli, dawa inayochoma mafuta kwelikweli. Watu walipata mtoto wa jicho, wengine miili ikapanda joto mpaka wakafa. Ilizuiwa mwaka 1938, na hadi leo kuna wanaoiuza kwa siri mtandaoni. Kidonge kisichoandikwa kilichomo usikiweke mdomoni.

Na kwenu kina dada: hedhi ikikatika kwa sababu ya kujinyima, hapo umeshuka kupita kiasi, mifupa nayo inaumia. Ongeza chakula, mwone daktari. Aliyejifungua, ile misuli miwili huachana katikati wakati wa mimba. Kwa wengi hurudi yenyewe ndani ya miezi kadhaa. Ukiona tumbo linachomoza kama tuta unapojiinua kitandani, acha sitapu kwanza, mwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Kipimo cha kufuatilia ni futi ya kamba usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Zipo tano hapa mezani. Jipangeni, wanaume upande huu, kina mama upande ule, tuanze kupima.