Nyumba ya Akina Gunn na Chimbuko la Kambi za Wavulana

Ndugu wasikilizaji, tunapozitazama kambi za kando ya maziwa ambako wavulana wa Marekani hupitisha likizo ya kiangazi, ni rahisi kudhani kwamba zilibuniwa na vyama vikubwa vya vijana. Mimi nashikilia kwamba asili yake ni nyumba moja, ya Frederick William Gunn na mkewe Abigail, katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Connecticut.

Gunn alizaliwa mwaka 1816, akahitimu Yale mwaka 1837, kisha akarudi kwao kufundisha. Kwa kuwa aliupinga utumwa waziwazi, wazazi waliochukizwa na msimamo wake waliwaondoa watoto wao, naye akalazimika kwenda kufundisha Towanda, Pennsylvania. Aliporejea, yeye na Abigail walifungua shule ya bweni mwaka 1850, wanafunzi wakiishi humo kama watoto wa nyumba.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwezi Aprili 1861, wavulana wale walitamani maisha ya askari: kutembea masafa marefu na kulala chini nje ya nyumba. Mwalimu mwingine angewakemea. Akina Gunn waliichukua shule nzima, wakatembea nayo maili 40 hivi, yaani zaidi ya kilomita 60, hadi Milford katika pwani ya Long Island Sound, wakapiga kambi kwa muda wa majuma mawili, wakivua samaki, wakiendesha mashua na kutega wanyama. Safari hiyo ilirudiwa miaka ya baadaye, na hatimaye kambi ikahamia Ziwa Waramaug, karibu zaidi na nyumbani. Naomba tusimsahau Abigail, kwani malezi ya nyumba yenye vijana wengi kiasi kile yasingewezekana bila yeye.

Gunn alifariki mwaka 1881, na mkwewe, John Brinsmade, akaushika uongozi wa shule. Mwaka huohuo Ernest Balch alianzisha Kambi ya Chocorua katika kisiwa cha Ziwa Squam, New Hampshire, akitaka kuwaokoa wana wa matajiri na uvivu wa hoteli za kiangazi. Huko walijifanyia kazi zote wenyewe, bila watumishi, hadi kambi ilipofungwa mwaka 1889. Namheshimu Balch kwa hilo, ila naona akina Gunn walitangulia katika jambo zito zaidi, maana mume na mke walikwenda porini pamoja na vijana waliowalea mwaka mzima.