Nyasi Zinazogeuka Mabaka: Kuchagua Ukubwa wa Picha katika Kurusha Michezo Mubashara

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado vijana wetu wanachagua 1080 (picha ya pikseli, yaani nukta, 1920 × 1080) kwanza, ndipo wanaulizana kwa nini picha inaharibika.

Juzi niliketi kando ya kijana aliyekuwa akirusha mubashara mchezo wa video wa kandanda aliokuwa akiucheza. Kamera ilipotulia, jezi zilisomeka vizuri. Lakini ilipopigwa pasi ndefu na kamera ikaukimbilia mpira, nyasi zote ziligeuka mabaka ya mraba, na namba ya mshambuliaji ikafutika mgongoni. Kijana akailaumu intaneti, ilhali OBS Studio, programu aliyokuwa akirushia, ilionyesha kuwa hakuna fremu (picha moja moja zinazounda video) hata moja iliyopotea njiani.

Hesabu yenyewe ni hii. Alikuwa akituma kilobiti 6,000 kwa sekunde, fremu 60, kwa 1920 × 1080. Fremu moja ya ukubwa huo ina pikseli 2,073,600, hivyo kila sekunde enkoda, yaani kisehemu kinachobana video kabla ya kutumwa, ilibeba pikseli zaidi ya milioni 124, na kila pikseli ikaambulia chini ya 0.05 ya biti. Tukashuka hadi 1280 × 720 bila kugusa kitu kingine, mgawo wa kila pikseli ukapanda mara 2.25, na pasi kama ile ilipopigwa tena, namba ilisomeka tangu mwanzo hadi mwisho wa mbio.

Mtaniambia kwamba Twitch wenyewe, mtandao wa kurushia michezo mubashara, huelekeza kilobiti 6,000 kwa 1080 ya fremu 60. Ni kweli, na kwa mchezo wa karata, ambako meza haisogei, zinatosha kabisa; uwanja wenye nyasi unaokimbia skrini nzima ni mzigo mwingine. Wala mchezaji hapotezi chochote, kwa kuwa kwenye kioo chake mchezo unabaki 1080 uleule. Anayeona 720 ni mtazamaji, na huyo ndiye tunayemrushia. Anayetaka njia ya kati ajaribu 1664 × 936.

Kuhusu vichujio vya kupunguzia, yaani njia ambazo OBS hutumia kushusha picha ya 1080 hadi ukubwa mdogo, muda umenibana. Bilinear ni chepesi lakini hufifisha maandishi madogo. Bicubic husoma sampuli 16 za picha ya awali kwa kila pikseli mpya, na Lanczos 36, ila kingo kali za Lanczos nazo hudai biti, kwa hiyo kwa kandanda mimi huchukua Bicubic. Na punguzeni ukubwa mara moja tu, kwenye mipangilio ya video ya OBS, bila kupunguza tena kwenye enkoda.