Tusimhukumu Mfanyakazi kwa Mwaka Aliozaliwa

Mabibi na mabwana, waajiri na wafanyakazi wenzangu, nashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie tofauti za vizazi kazini. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana naona watu wazuri wakivunjiana heshima kwa jambo ambalo wangekaa chini kidogo tu wangelimaliza.

Tuanze na yale majina wanayopewa watu kulingana na mwaka waliozaliwa. Waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 wanaitwa “baby boomers”, wa 1965 hadi 1980 kizazi X, wa 1981 hadi 1996 milenia, na kuanzia 1997 ndio kizazi Z. Mipaka hii imeenezwa sana na kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani. Sasa niambieni, aliyezaliwa Desemba 1996 na aliyezaliwa Januari 1997 wana tofauti gani? Pew wenyewe walitangaza mwaka 2023 kwamba watakuwa waangalifu zaidi katika kuyatumia majina hayo. Na mwaka 2020 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani, baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo, ziliwashauri waajiri wasiyategemee katika kusimamia wafanyakazi. Ushahidi wake ni dhaifu.

Je, tofauti hazipo? Zipo, tena zinauma. Ila tunazichanganya. Kuna tofauti ya umri: kijana asiye na watoto wala mkopo wa nyumba huhama kazi kwa urahisi, na wazee wengi walipokuwa na umri huo walihama vilevile. Kuna tofauti inayoletwa na nyakati, na hiyo humkumba kila mtu kwa pamoja. Janga la korona la mwaka 2020 liliwafundisha mkurugenzi na karani wake kufanya kikao mbele ya skrini. Halafu kuna ile ya kizazi chenyewe. Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi kuwafanya watu kuwa kizazi. Lazima wawe wamepitia pamoja matukio mazito wangali vijana.

Hapo pa Mannheim ndipo ninapotaka tukae.

Mtu aliyeanza kazi wakati ajira ilikuwa ya kudumu alijifunza subira. Alimvumilia bosi mkali, alibaki ofisini hadi usiku, alikubali kupitwa cheo mara moja au mbili, kwa sababu alijua mbele kuna kupandishwa, na mwisho wa safari kuna pensheni. Subira yake ilikuwa na malipo. Aliyeanza kwa mkataba wa miezi sita, ukahuishwa kwa miezi sita mingine, naye amejifunza: kuweka wasifu wake tayari, kuuliza mshahara mapema, na kuondoka saa za kazi zikiisha. Tukisema huyu si mwaminifu, tunamdai uaminifu ambao mwajiri hakumwahidi yeye. Wote wawili wana akili timamu. Kila mmoja aliusoma mkataba wake akaufuata. Kinachonisikitisha ni kumsikia mkubwa wa kazi akilalamika kwamba vijana hawana moyo wa kazi, wakati barua za ajira za muda mfupi anazitia saini yeye mwenyewe.

Nitoe mfano mdogo, wa simu. Meneja mwenye umri wa miaka 58 anampigia kijana wa idara yake. Simu inaita mpaka inakatika. Dakika mbili baadaye unaingia ujumbe: “Nimeona simu yako, kuna nini?” Meneja anaona amedharauliwa. Yeye alifunzwa kazi kwenye simu ya mezani, na asiyepokea alihesabiwa kuwa hayupo kazini. Ujumbe mfupi wa kwanza ulipotumwa, Desemba 1992, yeye alikuwa tayari mtu mzima. Kijana naye, simu ya ghafla kwake ni habari mbaya au ni dharura. Akiandika anapata nafasi ya kujibu jambo kwa usahihi. Hakuna mwenye dharau hapo. Wakubaliane tu: linalohitaji jibu ndani ya saa moja, piga simu, linaloweza kusubiri hadi kesho, andika. Waliweke kwa maandishi, na meneja alifuate kama wengine.

Ubaguzi wa umri hauna haja ya maneno mengi. Daktari Robert Butler wa Marekani aliupa jina mwaka 1969, na huko sheria ya mwaka 1967 inawalinda wenye miaka 40 na zaidi. Kijana anayeambiwa kila siku “subiri zamu yako” hana kinga katika sheria hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maarifa yanayopotea. Mhasibu mkongwe anajua ni mteja gani huchelewa kulipa kila mwisho wa mwaka, na ni nani wa kumpigia ili mambo yaende. Maarifa hayo hayamo kwenye programu yoyote. Kijana aliye meza ya pili anaweza kuipunguza kazi ya wiki nzima ikawa ya siku moja kwa kuipanga vizuri kwenye kompyuta. Mwaka 1999 Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Marekani ya General Electric, aliwaagiza viongozi wake wapatao 500 watafute vijana wa kuwafundisha intaneti. Alifanya vyema, ila mimi ningewaketisha pamoja ili kila mmoja amfundishe mwenzake, ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Maarifa ya miaka 30 hayakabidhiwi katika wiki mbili za mwisho kabla ya kustaafu.

Nina ombi moja kwa wakuu wa idara. Katika kikao chenu kijacho, kila mtu aulizwe: ulipoajiriwa mara ya kwanza, uliahidiwa nini, na ulipata? Waacheni wamalize kusema kabla hamjajibu.

Sasa nipo tayari kwa maswali. Naomba tuanze na walioajiriwa mwaka huu.