Betri Imeibiwa

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, habari za tangu wiki iliyopita. Leo tulipanga kuzungumzia mambo matatu ya kukagua kabla ya kununua gari la spoti lililokwisha kutumika, lakini shemeji yangu amefika studio kwa bodaboda huku ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni, kwa hiyo naona tuanze na huo ufunguo.

IDDI: Ufunguo ni mzima, shemeji, gari ndilo gonjwa. Wanaotusikiliza wanajua kwamba mwezi uliopita nilinunua Mazda Roadster ya mwaka 2001, ile ya viti viwili na paa la turubai, na wanajua pia kwamba ulinikataza. Jumanne asubuhi nilipozungusha ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka kwa unyonge kama koroboi inayoishiwa mafuta, stata ikagonga mara moja, kisha kukawa kimya. Mzee jirani akaja na waya za kubusti, akafungua boneti, akachungulia huku na huku, halafu akanishika bega kama mtu aliyekuja msibani, akasema: "Mwanangu, betri imeibiwa."

ZUHURA: Kumbe haikuwamo?

IDDI: Haijawahi kukaa humo. Tangu gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Chicago mwaka 1989, vizazi vyake viwili vya mwanzo hubeba betri kwenye buti, jambo linalosaidia uzito wa mbele na wa nyuma ukaribiane. Kabla sijamaliza kumweleza mzee, mlinzi wa nyumba ya pili alikwisha kuanza kuapa kwamba usiku kucha hakusinzia.

ZUHURA: Maskini, anajitetea kwa kosa ambalo halikutendeka!

IDDI: Alijitetea, na akamtaja kijana aliyepita na mfuko mzito saa tisa usiku. Hadi mchana habari zilikuwa zimefika kijiwe cha bodaboda, ambako nililetewa pole na majina mawili ya washukiwa. Jumatano alikuja fundi umeme wa magari, mtu wa kazi hiyo, naye akafungua boneti na kuniuliza kama nimekwisha kutoa taarifa polisi.

ZUHURA: Sasa tuambie ugonjwa wenyewe, maana najua ulimrudisha fundi wa watu ukashika multimita, kile kipimo cha umeme, mwenyewe.

IDDI: Nilikuta magonjwa mawili. La kwanza lilikuwa ethi, yaani pale waya wa hasi wa betri unapofungwa kwenye bodi ili umeme urudi. Nilipoinua zulia la buti nilikuta maji yametuama, na bolti inayofunga waya wa hasi kwenye bodi imeota unga mweupe na wa kijani, kwa sababu mmoja wa waliolimiliki kabla yangu aliweka betri ya kawaida mahali panapotaka ile yenye kibomba cha kutolea gesi nje, na mvuke wa asidi ukawa unakula chuma. Niliwasha taa kubwa, nikagusisha ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi, nikasoma volti 0.7 zinazopotea hapo, mahali ambapo hata 0.2 ni nyingi. Ndiyo maana kila nilipowasha indiketa, taa za dashibodi nazo zilikuwa zikikonyeza. Nikaparua hadi chuma kikang'aa, nikakaza bolti, na injini ilipounguruma betri ikapokea volti 14.2 kama inavyostahili.

ZUHURA: Mimi hapo ningefunga buti nikaenda zangu.

IDDI: Nilifunga, na Jumamosi asubuhi gari likawa limezima kabisa. Nikaunganisha multimita kati ya hasi na waya wake, nikafunga milango, nikasubiri nusu saa, na bado gari lililolala lilikuwa linakula ampea 0.4, wakati kwa kawaida halipaswi kuzidi 0.05. Betri yangu ni ndogo, akiba yake ni ampea-saa 32, na hapo zinapotea zaidi ya 9 kila siku. Nilichomoa fyuzi zote moja moja na namba haikutikisika, kwa kuwa aliyekuwa anakula hakupita kwenye fyuzi: ni alamu ya kuzuia wizi, iliyofungwa na mtu baadaye, akaiunga moja kwa moja kwenye waya mnene wa betri na kuizungushia selotepu nyuma ya dashibodi.

ZUHURA: Subiri kidogo, shemeji. Alamu ya kuzuia wizi ndiyo iliyokuwa inaiba betri? Basi mzee jirani alisema kweli, na mlinzi anadaiwa radhi na mtaa mzima!

IDDI: Usimpelekee mzee habari hizo, hatanyamaza hadi Idi.

ZUHURA: Dawa yake ni rahisi. Iondoe alamu hiyo moja, kisha funga swichi ya kukatia umeme kwenye hasi, na kila usiku uizime ulale usingizi.

IDDI: Swichi ni kumziba mgonjwa mdomo asilalamike. Aliyeunga waya mmoja bila fyuzi ameunga na mwingine, na siku utakaposuguana na chuma nikiwa barabarani, swichi yako itakuwa imewashwa. Nataka kuvua dashibodi yote niufuate kila waya.

ZUHURA: Plastiki ya mwaka 2001 imekakamaa kwa jua. Utavunja klipu ambazo hata kwenye vipuri vya Gerezani, Dar es Salaam, huzipati, na kila waya utakaouvuta utakuzalia hitilafu mpya. Corolla yangu ina waya nisizozijua kwa miaka 11, nazo hazijawahi kunisumbua.

IDDI: Hazijakusumbua bado.

ZUHURA: Na wewe hulipandi gari lako bado.

IDDI: Dashibodi inavuliwa, shemeji.

ZUHURA: Nami nasema swichi. Mtayarishaji ananionyesha vidole viwili, yaani dakika mbili, na katika yale mambo matatu hatujagusa hata la kwanza. Yasubiri. Unarudi nyumbani na nini?

IDDI: Na bodaboda yuleyule. Yuko nje ananingoja, na njiani ameniuliza kama mwizi amekwisha kukamatwa.