Kabla ya Kontena Kuwa Nyumba: Mhadhara kwa Wanaotaka Kwenda Kujenga Kisiwani

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhamia nchi ya kigeni na kufungua biashara ya nyumba za makontena kisiwani. Najua wengi wenu mmekuja na picha kichwani: kontena jeupe, mchanga, dirisha kubwa linalotazama bahari. Picha si mbaya. Ila kabla ya dirisha kuna kutu, kabla ya kutu kuna krini ya kunyanyulia mizigo, na kabla ya krini kuna afisa wa forodha. Nitaanza na huyo.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iliyoitwa Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, ikiwa na makontena 58 ya mfanyabiashara Malcom McLean. Ndipo biashara hii ya makontena ilipoanza kushika kasi. Tangu hapo dunia imelichukulia kontena kuwa chombo cha kubebea: linaingia, linashusha mzigo, linatoka. Ndiyo maana nchi nyingi huliruhusu liingie kwa muda bila kutozwa ushuru, na upo mkataba wa kimataifa wa forodha wa mwaka 1972 unaohusu jambo hilohilo. Sasa wewe unakuja na kusema halitoki tena, watu watalala humo. Hapohapo limegeuka bidhaa. Linahitaji karatasi zake, thamani yake itajwe, na ushuru wake ulipwe. Mgeni asiyejua hili hujikuta na kasha uwanjani, msingi umeshamwagwa, na ruhusa ya kulitumia hana.

Tena kontena lililoleta mzigo wako si lako. Mara nyingi ni la kampuni ya meli, na siku za bure za kulirudisha zikiisha, faini huhesabiwa kila siku. Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua makasha matupu yaliyobaki kisiwani. Visiwa vingi huagiza kuliko vinavyouza nje, matupu hurundikana, na kuyarudisha ni gharama, hivyo wakala wa meli anaweza kukusikiliza. Njia ya pili ni kununua kontena lako huko utokako, ulijaze madirisha, nyaya, mabomba na vifaa vya kuzuia joto, lije na matumbo yake ndani. Mimi kwa shehena ya kwanza napendelea ya pili, kwa sababu kisiwani kitasa kimoja kikikosekana kazi inaweza kusimama mpaka meli nyingine ije.

Ukilinunua lililotumika, soma kibati kilichopigiliwa mlangoni. Watu hukimbilia kuangalia rangi, lakini kibati ndicho chenye habari. Kinaonyesha mwaka lilipotengenezwa, uzito linaoruhusiwa kubeba, na mara nyingi kina mstari unaotaja dawa ya wadudu iliyopakwa kwenye mbao za sakafu. Sakafu hiyo ni plaiwudi nene ya milimita 28 hivi, na dawa yake iliwekwa kwa ajili ya safari za baharini. Haikuwekwa kwa ajili ya mtoto anayetambaa. Ing'oe, au uifunike kabisa kwa tabaka lisilopitisha hewa. Na chagua lile refu kwenda juu, la mita 2.9 kwa nje. La kawaida lina mita 2.39 ndani, ukiweka dari na sakafu mpya, mtu mrefu anaanza kuinama.

Krini nitaipitia haraka, lakini msiipuuze. Kontena tupu la futi 20 lina tani 2 na ushei, la futi 40 linakaribia 4. Krini iliyoandikwa tani 25 hubeba uzito huo mkono ukiwa karibu. Ukinyooshwa mbali, uwezo unashuka vibaya sana. Kabla hujamlipa mchoraji, ifuate barabara kutoka gatini hadi kiwanjani ukiwa na futi ya kupimia. Kona ambayo lori dogo linapita bila shida inaweza kulikataa kasha la mita 12. Wengi wanaojenga visiwa vidogo wangetulia tu na futi 20.

Sasa tuje kwenye chumvi, na hapa nitakaa. Mtaambiwa makontena hutengenezwa kwa chuma cha Corten, chuma ambacho hujilinda kwa kutu yake chenyewe. Ni kweli, ila nusu. Kile kitabaka cha kutu kinachokinga hushikamana pale chuma kinapolowa na kukauka katika hewa safi. Penye chumvi ya bahari hakishiki. Kinabanduka, na kutu inaendelea kula kwenda ndani. Ukuta wenyewe una unene wa milimita 2 tu, pengine pungufu. Chini ya sakafu, kwenye vyuma vinavyokatiza, ndiko kunakooza kwanza, kwa sababu ni mahali pasipoonekana na watu hawapapaki rangi. Kwa hiyo kwangu mimi kontena haligusi ardhi. Linapandishwa juu ya vikingi vya zege, juu kiasi cha mtu kuingia kwa tumbo akiwa na brashi.

Joto nalo. Sanduku la chuma juani ni tanuri, hilo hamhitaji mhadhara. Wasichotarajia wengi ni usiku. Paa linapoa haraka kuliko hewa iliyo ndani, unyevu unaganda kwenye chuma kwa matone, na kontena linatoka jasho. Ukijaza ukutani sufi ya kioo, zile nyuzi laini za kuzuia joto, peke yake, hewa yenye unyevu inapenya hadi kwenye bati, sufi inalowa, ukungu unaota nyuma ya ukuta mzuri uliopaka rangi. Povu la kupuliza linalong'ang'ania chuma bila kuacha mwanya ni bora, japo ni ghali. Na juu ya yote weka paa la pili, la bati tu, lililoinuliwa ili upepo upite katikati. Hilo la mwisho ni rahisi kuliko yote na ndilo mteja hukataa kwanza, eti linaharibu sura.

Upepo: wa kilomita 180 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 150. Ubavu wa futi 40 una mita za mraba 31 na zaidi. Pigeni hesabu, ni karibu tani 5, na kasha lenyewe tupu halifiki 4. Lisipofungwa kwenye msingi kwa zile pembe zake nne, linapinduka. Pembe hizo na nguzo zake ndizo zinazobeba kila kitu. Kuta zilizokunjwa huzuia fremu isipinde. Kila fundi anayewasha grinda kukata dirisha pana anaondoa sehemu ya nguvu hiyo, na lazima airudishe kwa fremu ya chuma iliyochomelewa kuzunguka tundu. Msilizike kontena ardhini pia. Udongo hubinya ubavuni, na ubavu haukuumbiwa kubinywa.

Mniulize kuhusu vibali vya ukaazi? Kila nchi ina yake, na wakili wa hukohuko anafaa kuliko mimi. Neno langu ni moja: nchi nyingi hazimpi mgeni umiliki wa ardhi, humkodisha. Nyumba inayoweza kunyanyuliwa na kuondoka inapendeza kwa mtu wa namna hiyo, mradi mkataba useme waziwazi kwamba kasha ni lako na ardhi si yako.

Na pesa msizitafute kwenye kuuza tu. Kisiwa kidogo wateja huisha. Kila kontena mtakalosimamisha karibu na bahari litahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kukwanguliwa na kupakwa rangi tena, na mwenye nyumba hatafanya mwenyewe. Uzeni matunzo ya mwaka pamoja na funguo, na mumwajiri fundi wa kuchomelea wa palepale tangu mwanzo, maana ndiye atakayeitwa paa likivuja nanyi mko safarini.

Nipo tayari kwa maswali. Ningeomba tuanze na wale ambao tayari wana kiwanja.