Sola Chini ya Magurudumu

Ndugu wanafunzi, habari za mchana, na ahsanteni kwa kunialika.

Mmoja wenu aliniuliza: tuna lami inayoota jua mchana kutwa, kwa nini tusiitandike sola? Swali zuri. Nitalijibu kwa barabara moja ya Ufaransa, maana wenzetu walikwisha kujaribu, tena kwa moyo wote.

Tarehe 22 Desemba 2016, huko Tourouvre-au-Perche, Normandy, waziri wa mazingira Ségolène Royal alizindua kilomita moja ya barabara ya sola: mita za mraba 2,800, kwa euro milioni 5. Paneli ziliitwa Wattway, na aliyezitengeneza, kampuni ya Colas, ni mjenzi wa barabara aliyebobea. Zilibandikwa juu ya lami iliyokuwepo, zikafunikwa kwa rezini ngumu, aina ya gundi inayokauka, ili matairi yasiteleze.

Zilitarajiwa uniti za umeme zaidi ya 700 kwa siku. Mwaka 2017 zikapatikana kama 150,000 kwa mwaka mzima, yaani 400 na ushei kwa siku. Mwaka 2018 zikashuka hadi kama 78,000.

Zilipotelea wapi? Normandy iko nyuzi 48 kaskazini, na wakati wa baridi jua hupita chini sana, kwa hiyo paneli iliyolala chali hupata mwanga wa pembeni tu. Mtasema Dar es Salaam tuko nyuzi 7 kusini, jua liko utosini. Kweli kabisa, hilo nalifuta.

Lakini kuna jambo ambalo jua la utosini haliliponyi. Sola ya paani ina kioo laini, mvua ikinyesha inakiosha. Ya barabarani lazima iwe na uso unaokwaruza, la sivyo pikipiki itateleza na mtu atakufa. Mkwaruzo huohuo ndio unaonasa vumbi na kuzuia mwanga. Ukiulainisha unaua watu, ukiuacha unapoteza umeme. Nimelifikiria hili kwa miaka, na sijaona mlango wa kutokea.

Kisha joto. Sola ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi ya joto inayozidi 25. Paani upepo hupita chini yake ukaipooza. Barabarani imebanwa na lami, na lami yetu ya saa nane mchana mnaijua. Na kila gari linalopita ni kivuli: seli, yaani vipande vidogo vya paneli vinavyozalisha umeme, zimeungwa kwa mfululizo, moja ikizibwa, inapunguza nguvu ya wenzake.

Tourouvre ni eneo la wakulima. Matrekta yalipasua paneli, majani ya miti yakazifunika, na kelele za matairi zikafanya mwendo upunguzwe hadi kilomita 70 kwa saa. Mwaka 2018 mita kama 90 ziling'olewa, hazitengenezeki. Nawaheshimu wahandisi wale; walipima na matokeo yakajulikana.

Korea Kusini, kati ya Daejeon na Sejong, waliziinua juu. Njia ya baiskeli iko katikati ya barabara kuu, sola ndizo paa lake, na waendesha baiskeli wanapita kivulini.

Stendi yetu ina paa la bati ambalo halikanyagwi na lori lolote. Chukueni futi kamba mkalipime, mwangalie limeelekea wapi na mti gani unalitilia kivuli. Jumatatu leteni vipimo, tukokotoe pamoja.