Tukubaliane Kabla Hatujajua Nani Kashinda

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum. Wazee wetu, waheshimiwa, mabibi na mabwana, vijana wangu.

Mada niliyopewa ni kujifunza kutokana na yaliyopita ili tuamue mambo ya siasa kwa dhamana. Kwetu mada hii ikitajwa, kikao humalizikia kwenye "tusameheane", watu wakapeana mikono wakenda zao. Kusameheana ni jambo jema, lakini hakukwambii kifungu gani kilikuwa kibovu. Leo nitawachosha kwa hesabu na vifungu.

Nianze na mji huu. Januari 1961 viti vya kugombaniwa vilikuwa 22. Chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, Hizbu, yaani chama cha ZNP, 9, na chama cha tatu, ZPPP ya Mohammed Shamte, 3. Kimoja katika vile 10 vya Afro-Shirazi kilikuwa cha Chake Chake, nacho kilipatikana kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP wakagawika: wawili wakaelemea Hizbu, mmoja Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki.

Waingereza wakatoa dawa gani? Waliongeza jimbo moja, viti vikawa 23, uchaguzi ukarudiwa Juni. Matokeo yakawa 10, 10 na 3. Safari hii ZPPP ilifungamana na Hizbu, serikali ikapatikana kwa viti 13. Lakini katika ghasia zilizoanza siku ya kura, watu 68 walikufa. Itazameni dawa ile. Waliona tatizo ni kwamba idadi ya viti ni shufwa, wakaifanya witiri. Ugonjwa wenyewe, yaani anayekosa kiti kimoja kukosa kila kitu, haukuguswa.

Julai 1963 ukajitokeza kwa sura nyengine. Viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ikapata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13. Hizbu ikapata 12 na ZPPP 6, jumla 18. Kijana akisikia hivi husema moja kwa moja kuwa kura ziliibiwa. Hapana, hesabu ya majimbo peke yake yatosha kulieleza. Kura za Afro-Shirazi zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, na kura inayozidi ile ya ushindi haikupi kiti cha pili. Wenzao walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Kwa sheria ilivyokuwa, serikali ile ilikuwa halali. Kwa macho ya nusu ya nchi na zaidi, haikuwa yao. Uhuru ulikuja 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964: siku 33. Sisemi viti pekee ndivyo vilivyoleta Mapinduzi. Palikuwa na suala la ardhi, la ukabila, na kule kususiana kwa zama za siasa, watu kususiana maduka mpaka maziko. Lakini serikali isiyokuwa na mahali pa kumweka aliyeshindwa ilikuwa imeshajitengenezea adui kabla ya kuanza kazi.

Sasa ziwekeni chaguzi mbili ubavu kwa ubavu, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, mpinzani wake wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, 49.8. Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata 50.1, Maalim Seif 49.1; tofauti yao ni kura 3,471. Tofauti ni nyembamba mara zote mbili. Baada ya 1995 nchi ilikaa miaka katika mgogoro. Baada ya 2010 Maalim Seif aliyakubali matokeo, na mwezi uliofuata akaapishwa kuwa Makamo wa Kwanza wa Rais. Wazanzibari hawakugeuka malaika kwa miaka 15. Kilichobadilika ni kwamba 31 Julai 2010, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, tulipiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema Ndiyo, na Katiba ikarekebishwa Agosti. Siku ile hakuna aliyejua nani atashinda Oktoba. Ndiyo maana kila upande ulikuwa tayari kumwekea aliyeshindwa nafasi: kila mmoja aliweza kuwa ndiye.

Mtauliza, na Muafaka, yale makubaliano ya CCM na CUF? Tulikuwa nao wa 1999 na wa 2001. Ule wa kwanza ulikuwa mkataba baina ya vyama viwili. Sehemu kubwa haikutekelezwa, na chama kikikataa kutekeleza hakuna mahkama ya kukishtaki. Ukaja uchaguzi wa 2000, majimbo 16 yakarudiwa, na Januari 2001 watu zaidi ya 30 wakauawa na wenzetu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa pili, uliotiwa saini 10 Oktoba 2001, ulifanya vizuri zaidi pale tu ulipoingizwa kwenye sheria: upinzani ukapata wajumbe wawili katika Tume ya Uchaguzi, na daftari la kudumu la wapiga kura likaanzishwa. Yaliyobaki kuwa ahadi yalikwenda na maji.

Hata marekebisho ya 2010 yalikuwa na tundu. Yalieleza nani ataingia serikalini, lakini suala la mwamuzi lilibaki pale pale. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume alitangaza kuufuta uchaguzi, wakati kura za Rais na Bunge la Muungano zilizopigwa siku ile ile, vituo vile vile, zilibaki halali. Someni Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 119: akidi ya Tume, yaani wajumbe wa chini kabisa wanaohitajika ili kikao kiwe halali, ni Mwenyekiti au Makamo wake pamoja na wajumbe wanne, na kila uamuzi lazima uungwe mkono na wajumbe walio wengi. Mabishano ya 2015 yote yalitakiwa yaanzie kwenye mstari huu. Kikao kilikaa lini? Walikuwepo nani? Kumbukumbu iko wapi? Barazani tulibishana kuhusu mtu, tukakisahau kikao. Uchaguzi ukarudiwa 20 Machi 2016, CUF ikasusia, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na kiti cha Makamo wa Kwanza kikakaa kitupu mpaka Disemba 2020.

Kwa hivyo, ukiletewa uamuzi wa siasa, uwe wa chama, wa tume au wa shehia, ule utawala wetu wa mtaani, chukua karatasi uandike: nani anaamua, akidi ni wangapi, uamuzi unaandikwa kwenye waraka gani, kwa muda gani, na asiyeridhika anakwenda wapi. Mstari mmoja ukibaki mtupu, ujue ugomvi utazukia hapo. Kwa Rais wa Zanzibar ule wa mwisho una tabu yake, kwani Tume ikishamtangaza, Katiba inazuia mahkama kuuchunguza uchaguzi huo. Basi yote yanayofanyika kabla ya kutangaza, kuanzia wakala kutia saini fomu ya matokeo kituoni, yanabeba uzito ambao kwengineko hubebwa na majaji.

Kwenye kusoma takwimu kuna mitego miwili inayowanasa hata wasomi. Mmoja ni kulinganisha majimbo kwa majina. Pemba ilikuwa na majimbo 21 mwaka 2000. Mwaka 2005 yakawa 18. Zanzibar nzima ilikuwa na 50, ikawa na 54 mwaka 2015, ikarudi 50 mwaka 2020. Jina la jimbo linaweza kuwa lile lile na shehia zake si zile zile, basi linganisheni shehia kwa shehia. Mtego wa pili ni asilimia bila idadi ya waliojitokeza wala orodha ya walioshiriki. Asilimia 91.4 ya 2016 haiwezi kukaa safu moja na 50.1 ya 2010.

Kuhusu muda. Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu 5 Novemba 2009. Azimio la Baraza la Wawakilishi lilikuja Januari 2010, kisha sheria ya kura ya maoni, kura yenyewe Julai, Katiba Agosti, uchaguzi 31 Oktoba. Yote chini ya mwaka, na kwa maoni yangu haraka ile ndiyo iliyofanya suala la Tume liwekwe pembeni. Uchaguzi ujao ni 2030. Ukihesabu kurudi nyuma, na ukitaka Tume mpya iwe imeshafanya kazi angalau katika uchaguzi mdogo mmoja ili kasoro zake zionekane mapema, mswada unatakiwa uwe barazani mwanzoni mwa 2028, na mazungumzo yaanze mwaka mmoja kabla ya hapo. Vijana mtakaotaka kuandika mapendekezo, Gazeti Rasmi la Serikali linasomwa Nyaraka, penye hifadhi ya kumbukumbu za nchi, Kilimani, Unguja. Andikeni kifungu kwa kifungu, neno la sasa upande mmoja na pendekezo lenu upande wa pili. Waraka wa namna hiyo mwanasheria hawezi kuuweka kando kirahisi.

Masuali sasa. Tumeombwa tuanze na upande wa kina mama.